Ekegusii katika Semina za Kimataifa

Historia ya uchunguzi wa lugha za Afrika Mashariki huhesabiwa kwa mikutano, na mikutano hutajwa kwa miji: Mombasa mwaka 1928, ilipokubaliwa kwamba lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu; Kampala mwaka 1959, ilipofanyika semina ya kwanza ya Taasisi ya Kimataifa ya Afrika; Dar es Salaam mwaka 1968. Mahali yalikotoka maneno na desturi zilizojadiliwa humo hapatajwi mara nyingi. Nchi ya milima ya Wagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, ni mfano mmoja.

Jambo la kwanza halikuhusu lugha hasa. Mwaka 1954 wataalamu wa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Cornell walitayarisha mwongozo wa kuchunguza malezi ya watoto kwa njia moja katika jamii zilizo mbalimbali. Hatimaye jamii hizo zilikuwa sita: za Okinawa, Ufilipino, India, Meksiko, New England huko Marekani, na ya Wagusii iliyoitwa Nyansongo, ambako Robert na Barbara LeVine walifanya utafiti kati ya 1955 na 1957. Matokeo yalichapishwa pamoja mwaka 1963, mhariri akiwa Beatrice Whiting. Mpango huo wastahili sifa, kwani mama wa Kimarekani aliwekwa katika mizani ileile ya mama wa Kigusii, wala hakufanywa yeye kuwa mizani. Hata hivyo maswali yaliandikwa kabla ya mtafiti kufika, na mama wa Kigusii hakupewa nafasi ya kuuliza lake.

Katika lugha, jina kubwa ni W. H. Whiteley, aliyepata kuwa katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Uchambuzi wake wa njeo za Ekegusii ulitolewa Kampala mwaka 1960, ukafuatwa na kitabu cha kujifunzia lugha hiyo mwaka 1965. Si ajabu kwamba njeo ndizo zilizomvuta. Kiswahili hutosheka na -li- kwa tendo la asubuhi na kwa tendo la miaka mia iliyopita; Ekegusii hutenga ya leo na ya zamani ndani ya kitenzi chenyewe. Faida ya kulinganisha huonekana pia katika jambo dogo zaidi. Mgusii husema ekerandi, yaani kibuyu, lakini kitabu ni egetabu: k ya kiambishi hugeuka g inapofuatwa na sauti sighuna kama t. Gikuyu nacho hufanya hivyo. Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Dahl, mmisionari aliyeitambua katika Kinyamwezi, mbali kabisa na Kisii. Asiyejua ila lugha moja angeiona egetabu kuwa ni ukaidi wa Wagusii tu.

Desemba 1968 Taasisi ya Kimataifa ya Afrika ilifanya semina yake ya tisa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mada ilikuwa matumizi ya lugha katika jamii zenye lugha nyingi. Tanzania ilikuwa imekwisha kuagiza, mwaka 1967, kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, kitabu cha semina, kilichohaririwa na Whiteley na kuchapishwa mwaka 1971, kilitoka kwa lugha za Ulaya. Udhuru wake si wa bure: wageni walitoka mbali, na istilahi za isimu katika Kiswahili zilikuwa chache. Lakini istilahi hazizaliwi kabla ya mazungumzo. Huzaliwa ndani yake. Walimu wa Kigusii waliomudu Ekegusii na Kiswahili sawasawa walikuwapo tayari. Lugha ya semina ndiyo iliyoamua nani awe mtaalamu na nani awe mtoa mifano.

Chuo cha ualimu cha Kisii, kilichoanzishwa mwaka uleule wa 1965, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2013. Mwalimu wa Nyamira atakaye kujua Whiteley aliandika nini mwaka 1960 juu ya njeo za lugha ya mama yake hana budi kukisoma Kiingereza.