Jinsi ya kujikinga dhidi ya watekaji nyara wa magari

KATIKA miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, utekaji nyara wa magari ulikuwa miongoni mwa visa vya uhalifu vilivyowatia hofu kubwa wakazi wa Nairobi. Magari ya watu binafsi, ya mashirika ya misaada, ya Umoja wa Mataifa na hata ya maafisa wa kibalozi yalinyakuliwa mchana peupe. Mnamo Januari 2007, wanawake wawili raia wa Marekani waliuawa kwa kupigwa risasi gari lao liliponyakuliwa viungani mwa jiji.

Uhalifu huo haujatoweka. Ungali unawakumba wenye magari ya kibinafsi, madereva wa teksi zinazoitishwa kwa simu na wale wa malori ya mizigo katika barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi mpaka wa Uganda. Dereva anayejua jinsi majambazi wanavyotenda kazi ana kinga mbili za kutegemea: kuwanyima nafasi ya kumkaribia gari likiwa limesimama na, iwapo watamfikia, kuwaachia gari bila ubishi. Kinga hiyo ya pili ni ngumu kwa wengi, hasa kwa yule ambaye bado analipa mkopo aliochukua kununulia gari hilo. Hata hivyo, ndiyo inayookoa maisha.

Sheria inavyosema

Sheria ya Kenya hutenganisha wizi wa gari na wizi wa kimabavu. Anayeiba gari lililoegeshwa hushtakiwa chini ya kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu, na aweza kufungwa hadi miaka saba. Kumpokonya dereva gari ni kosa zito zaidi. Kifungu cha 296(2) kinasema kuwa mnyang'anyi aliyejihami kwa silaha hatari, au aliyeandamana na mwenzake mmoja au zaidi, au aliyemjeruhi mtu wakati wa tendo hilo, adhabu yake ni kifo, ingawa hakuna mfungwa aliyenyongwa nchini tangu 1987.

Tofauti hiyo ina maana kwa dereva. Jambazi anayesimama kando ya mlango akiwa na bastola anajua kuwa akikamatwa hatashtakiwa kwa kosa dogo. Ana haraka, ana woga na huenda amelewa. Mtu wa namna hiyo hushtuka upesi, na akishtuka hufyatua risasi.

Kwa nini dereva ndiye anayewindwa

Zamani mwizi aliweza kufungua mlango wa gari kwa kipande cha waya na kuliwasha kwa kuunganisha nyaya chini ya usukani. Tangu miaka ya 1990, magari mengi zaidi yamekuwa yakitengenezwa na ufunguo wenye chembe ya kielektroniki, na injini haiwaki pasipo ufunguo huo. Kwa mwizi, njia iliyosalia ni kumpata mwenye ufunguo, gari likiwa tayari linanguruma.

Gari lililonyakuliwa huelekea mojawapo ya njia tatu. Baadhi huvunjwavunjwa na kuuzwa kama vipuri, mengine hubandikwa nambari nyingine za usajili na kuvushwa mpakani, na mengine hutumiwa kwa saa chache katika uhalifu mwingine kisha yakaachwa kando ya barabara. Ndiyo maana Toyota ndogo nyeupe, ambayo haimvutii askari macho, huwindwa sawa na gari la kifahari. Mwenye gari kuukuu asijidanganye kuwa yeye hana cha kuibiwa.

Langoni mwa nyumba

Mahali panapohitaji hadhari kuu ni lango la nyumbani, hasa jioni giza linapoingia. Dereva amechoka, macho yameregea kwa kuwa ameshafika, na gari limesimama likiwa limeelekea langoni. Gari la pili likija nyuma na kumzibia njia, hana pa kukimbilia.

Tahadhari ianze kabla ya kufika. Tazama kioo cha kuonea nyuma kwenye kona mbili za mwisho. Gari lililopinda nawe katika kona zote mbili lastahili kutiliwa shaka, hivyo pitiliza usiingie kwako. Likizidi kukuandama, elekea kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye taa na watu. Mjulishe bawabu au mtu wa nyumbani wakati unaotarajia kufika, na kama una abiria, apige simu mnapokaribia ili msisimame nje mkipiga honi. Naye bawabu achungulie nje kabla ya kufungua, ahakikishe hapana mtu aliyejibanza.

Ikiwa ni lazima ungoje, simamisha gari sambamba na barabara, gia ikiwa tayari, ili uweze kuondoka. Ukishaingia, lango lifungwe nyuma yako kabla hujazima injini wala kufungua mlango. Wenye malango ya stima husahau hili. Lango la aina hiyo huchukua sekunde kadhaa kujifunga, na huo ni muda wa kutosha kwa watu wawili kupenya kwa miguu.

Ua nao una lawama. Kayaba iliyoachwa ikasongamana hadi ubavuni mwa lango humsitiri jambazi kuliko inavyomlinda mwenye nyumba. Ipunguzwe, na taa ya langoni imulike upande wa nje.

Barabarani

Funga milango yote mara uingiapo garini, na vioo viwe juu. Katika msongamano, acha nafasi mbele yako. Ukiweza kuona magurudumu ya nyuma ya gari lililo mbele yakigusa lami, una nafasi ya kukata usukani na kuchomoka. Kwenye matuta na mashimo, ambapo kila gari hupunguza kasi, tazama pande zote mbili kabla ya kufika.

Ukigongwa kidogo kwa nyuma usiku mahali pasipo watu, na hakuna aliyeumia, usishuke kukagua hasara. Washa taa za tahadhari, mwashirie mwenzako akufuate, kisha uende polepole hadi kituo cha polisi cha karibu ukaripoti hapo.

Kizuizi cha polisi usikikimbie, maana utashukiwa kuwa wewe ndiwe mhalifu. Punguza kasi, washa taa ya ndani, milango ibaki imefungwa, na ushushe kioo kiasi cha kupitisha sauti. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana. Itazame.

Kwa dereva wa teksi, hatari huingia garini kama abiria. Anayetaka safari ifutwe kwenye programu ya simu ili alipe fedha taslimu anafuta pia kumbukumbu ya safari hiyo. Anayebadilisha mwisho wa safari usiku, akaelekeza mahali pasipo na taa, akataliwe wakati gari lingali penye watu.

Bunduki ikishatolewa

Wahenga walinena kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Bunduki ikishaelekezwa kwako, gari si lako tena kwa saa hiyo. Usipige honi, usikanyage mafuta, wala usijaribu kumpokonya mtu silaha.

Weka mikono yote miwili juu ya usukani ionekane. Sema kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya: "Nafungua mkanda," kisha, "Nafungua mlango." Fungua mkanda polepole kwa mkono mmoja, huku mwingine ukionekana. Mkono unaoshuka kiunoni ghafla humfanya jambazi adhani unatoa bastola. Ufunguo, simu na mkoba viache. Ukishashuka, jitenge na gari, na usisimame mbele wala nyuma yake. Usimkodolee mtu macho, lakini ushike moyoni jambo moja au mawili utakayoweza kuwaeleza polisi baadaye: kovu, lafudhi, viatu.

Wamiliki wa bunduki zenye leseni hudhani kuwa wao wana kinga zaidi. Anayejaribu kuchomoa bastola huku nyingine imemwelekea shingoni huwa amechelewa, na silaha yake huondoka na majambazi.

Mtoto aliye kiti cha nyuma

Hofu kuu ya mzazi ni gari kuondoka na mtoto. Hilo liwe neno lako la kwanza, kwa sauti isiyo ya ukali: "Mtoto yuko nyuma, naomba nimtoe." Majambazi hawana haja na mtoto anayelia na ambaye atasababisha msako mkubwa.

Kiti cha mtoto kikifungwa nyuma ya dereva, mzazi anaposhuka huufikia mlango wa nyuma kwa hatua moja, bila kulizunguka gari. Jizoeze nyumbani kufungua mkanda wa kiti hicho kwa mkono mmoja, hata gizani.

Ukichukuliwa pamoja na gari

Mara nyingine majambazi huondoka na dereva, wakamzungusha kwa saa kadhaa ili atoe pesa kwenye mashine za benki, au azitume kwa simu na hata kukopa kwa simu hiyo hiyo. Toa nambari ya siri unapoulizwa. Hasara hii hupunguzwa mapema: iombe benki ikuwekee kiwango cha chini cha fedha zinazoweza kutolewa kwa siku, na usitembee na kadi zako zote.

Ukitiwa butini, lala ubavu na upumue polepole. Usigonge wala kupiga mayowe gari likiwa linakwenda au ukisikia sauti zao. Marekani ilianza mnamo 2001 kulazimisha magari mapya yenye buti yawekewe mpini wa kulifungulia kutoka ndani, lakini usitarajie kuupata katika magari mengi tunayoagiza kutoka Japani. Likague lako leo. Katika baadhi ya magari madogo kiti cha nyuma hulala kwa kuvutwa kamba iliyo butini, na wenye magari wengi hawajawahi kuitafuta.

Baada ya kuachiliwa

Piga simu polisi kwa nambari 999 au 112. Iwapo kuna mtu aliyebaki garini, hilo ndilo la kwanza kutamka, kabla ya nambari ya usajili na rangi ya gari. Askari wanaolifuata gari bila kujua kuwa kuna mateka butini waweza kulimiminia risasi. Kwa kuwa simu yako haitakuwepo, ni lazima ukariri angalau nambari moja ya jamaa yako.

Ripoti katika kituo cha polisi, upewe nambari ya OB na baadaye abstrakti, ambayo kampuni ya bima itaidai. Siku hiyo hiyo funga laini ya simu na kadi za benki, ukabadilishe kufuli za nyumbani ikiwa funguo za nyumba zilikuwa pamoja na ule wa gari. Hati ya umiliki wa gari na barua zenye anwani ya nyumbani zisikae garini kamwe. Atakayekupigia simu kudai kuwa gari limeonekana na kwamba umtumie pesa kwanza, mwelekeze kwa afisa anayechunguza kesi.

Aliyebakwa, awe mwanamke au mwanamume, afike hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Asioge wala kufua nguo alizovaa; zitiwe katika mfuko wa karatasi. Hospitali ya Nairobi Women's imekuwa na kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma hizi tangu 2001, na hospitali kuu za umma pia hutoa matibabu hayo.

Bima na vifaa vya kulinda gari

Bima ya lazima, ambayo huwafidia watu wengine waliodhuriwa na gari lako, haikulipi gari likiibwa. Anayetaka fidia achukue bima kamili au ile inayotaja moto na wizi, na asome masharti yake, kwani baadhi ya kampuni hudai gari liwe na kifaa cha kulifuatilia. Mwenye bima ya kutosha huona wepesi wa kuliachia gari.

Swichi ya siri inayozima injini ina hatari yake. Gari likizimika hatua chache kutoka uliposhushwa, majambazi hurudi wakiwa na hasira. Kifaa bora ni kile kinachoweza kuzimwa kutoka mbali, baada ya wewe kuwa salama. Wakiuliza kama kuna swichi hiyo, waambie ukweli.

Uvumi usiofaa

Tangu katikati ya miaka ya 2000, jumbe za barua pepe, na sasa za simu, zimekuwa zikidai kuwa ukiingiza nambari ya siri kinyumenyume kwenye mashine ya benki, polisi huitwa papo hapo. Si kweli. Ingekuwa hivyo, mwenye nambari kama 2552 angefanyaje? Ujumbe mwingine husema kuwa mayai yakirushiwa kioo cha mbele nawe ukawasha waipa, kioo huzibika kwa asilimia 92.5. Tarakimu hiyo haina msingi wowote.

Ubaya wa jumbe hizi ni kwamba anayezisambaza huridhika kuwa amejikinga, ilhali jioni hiyo atasimama nje ya lango lake akipiga honi. Afadhali familia ikae pamoja mara moja na kukubaliana mambo matatu: nani hufungua lango na baada ya kutazama nini, ni nambari ipi ya simu ambayo kila mmoja ameikariri, na kwamba hakuna atakayelaumiwa kwa kuliachia gari.