Kiapo na Kanda: Msimu wa Bundesliga wa 1970–71

Ndugu wapendwa, katika tafakari ya juma hili ninawaalika tuutazame msimu mmoja wa kandanda uliochezwa Ujerumani Magharibi zaidi ya nusu karne iliyopita. Najua wapo watakaouliza mpira una nini na Injili. Nawaomba wavumilie hadi mwisho, maana katika msimu ule wa 1970–71 zimo amri mbili za Mungu, ya saba na ya nane, zilizovunjwa hadharani, na yamo pia mafundisho kuhusu toba ambayo si rahisi kuyapata yakiwa wazi namna ile.

Ligi Kuu ya Ujerumani Magharibi, iitwayo Bundesliga, ilianza mwaka 1963. Waanzilishi wake walitaka mchezo uendelee kuonekana kuwa jambo la heshima kuliko la fedha, na kwa hiyo waliweka kikomo cha malipo: kwa kawaida mchezaji hakuruhusiwa kupokea zaidi ya marki 1,200 kwa mwezi. Nia ilikuwa njema, lakini watazamaji walijaa viwanjani, fedha zikaingia, na kilichokatazwa mezani kikaanza kupitishwa chini ya meza. Mwaka 1965 klabu ya Hertha ya Berlin iliondolewa katika ligi kwa kuvunja kanuni hizo za malipo. Hilo lilikuwa onyo. Jambo la pili ni hili: klabu iliyoshuka daraja haikuwa na daraja la pili la kitaifa la kuiegemeza. Ilitumbukia katika ligi za kanda, ambako mapato yalikuwa haba, na wengi waliokuwa wakila kwa klabu hiyo walijikuta wakilala njaa. Basi hofu ya kushuka ilikuwa kubwa kuliko furaha ya kupanda, na tunajua kwamba hofu ni mshauri mbaya.

Huko juu ya msimamo wa ligi msimu ulikuwa mzuri wa kupendeza. Borussia Mönchengladbach na Bayern München zilifukuzana hadi siku ya mwisho. Tarehe 3 Aprili 1971, Jumamosi iliyotangulia Dominika ya Matawi, Mönchengladbach ilikuwa sare bao 1–1 na Werder Bremen nyumbani, zikiwa zimebaki dakika chache tu, pale mshambuliaji Herbert Laumen alipoangukia wavuni na nguzo ya goli, iliyokuwa ya mbao, ikavunjika. Goli halikuweza kusimamishwa tena, mchezo ukakatizwa, na Shirikisho la Soka likaipa Bremen ushindi wa mabao 2–0. Hata hivyo Mönchengladbach haikukata tamaa. Tarehe 5 Juni ilishinda 4–1 mjini Frankfurt, wakati Bayern ikifungwa 2–0 mjini Duisburg, ikatwaa ubingwa kwa pointi 50 dhidi ya 48. Ikawa klabu ya kwanza katika historia ya Bundesliga kutetea taji lake. Nguzo iliyovunjika mbele ya macho ya watu ilitengenezwa. Nguzo nyingine, zilizokuwa zikiliwa na mchwa gizani, hakuna aliyeziona.

Mchwa walikuwa chini ya msimamo. Arminia Bielefeld na Kickers Offenbach zote mbili zilikuwa zimepanda daraja mwaka 1970, na zote mbili zilikuwa zikipigania roho zao pamoja na Rot-Weiss Essen na Rot-Weiß Oberhausen. Tarehe 17 Aprili 1971 Bielefeld ilikwenda Gelsenkirchen, mji wa wachimba makaa ya mawe, kucheza na Schalke 04, timu yenye nguvu kuliko wao. Bielefeld ikashinda 1–0. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba bao hilo lilikuwa limenunuliwa kwa marki 40,000, na kwamba kila mchezaji wa Schalke aliyehusika alipata takriban marki 2,300. Ndugu zangu, kiasi hicho hakifikii hata mishahara miwili ya kile kiwango cha juu cha mwaka 1963. Nanyi mwajua siku ile ilikuwa siku gani? Ilikuwa Jumamosi ya Oktava ya Pasaka. Mishumaa ya Pasaka ilikuwa bado mirefu makanisani.

Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 5 Juni, Hertha, iliyomaliza ligi katika nafasi ya tatu, ilifungwa 1–0 na Bielefeld hiyo hiyo huko Berlin. Wachezaji wake walikuwa wamegawana marki 250,000. Siku hiyo Offenbach ilifungwa 4–2 mjini Köln. Ilimaliza na pointi 27, sawasawa na Oberhausen, lakini Oberhausen iliokolewa na tofauti ya mabao. Essen na Offenbach zikashuka.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya Utatu Mtakatifu, tarehe 6 Juni 1971. Rais wa Kickers Offenbach, Horst-Gregorio Canellas, mfanyabiashara wa matunda, aliwaalika watu bustanini kwake kusherehekea kutimiza miaka 50. Miongoni mwa wageni walikuwamo waandishi wa habari na kocha wa timu ya taifa, Helmut Schön. Katikati ya sherehe mwenyeji aliwasha kinasa sauti kilichokuwa mezani. Ikasikika sauti ya kipa wa Köln, Manfred Manglitz, akitaja bei: marki 100,000. Zikasikika pia sauti za wachezaji wa Hertha, Bernd Patzke na Tasso Wild, wakijadiliana kuhusu fedha kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe mnadani. Manglitz na Patzke walikuwa katika kikosi ambacho Schön mwenyewe alikipeleka Meksiko kwenye Kombe la Dunia mwaka mmoja tu kabla. Mzee yule alikuwa akizisikiliza sauti za wanawe.

Uchunguzi ulianza, ukiongozwa na mwanasheria wa Shirikisho, Hans Kindermann, naye hakuchoka. Kazi hiyo ilichukua miaka. Wachezaji zaidi ya 50 waliadhibiwa, pamoja na makocha wawili na viongozi kadhaa wa klabu. Bielefeld ilifutiwa pointi zake zote za msimu wa 1971–72 na kuteremshwa daraja.

Hapa, wapendwa, tunafika mahali ambapo dhambi moja ilizaa nyingine. Wachezaji wa Schalke walipoulizwa walikana. Walipopelekwa mahakamani, kundi zima la wachezaji liliinua mkono na kuapa kwamba halikupokea kitu. Kwa muda kiapo kile kiliwakinga. Mwaka 1972 Schalke ilikuwa ya pili katika ligi na ikatwaa Kombe la Ujerumani kwa kuifunga Kaiserslautern 5–0. Wengi waliona kwamba kimezaliwa kikosi kitakachotawala kwa miaka mingi. Lakini siri ya watu wengi si siri. Ukweli ulitoka kidogo kidogo, wachezaji wakafungiwa, kikosi kikasambaratika, na msimu uliofuata timu ile ilikuwa ikihangaika mkiani. Katikati ya miaka ya sabini baadhi yao walipatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo wakatozwa faini. Klabu ya wachimba makaa ikapachikwa jina la kejeli ambalo mashabiki wa timu pinzani hawajalisahau: Klabu ya Kiapo cha Uongo.

Mtazameni mmoja wao, Klaus Fischer. Mwaka 1971 alikuwa kijana wa miaka 21, mshambuliaji hodari. Kwa ajili ya mgawo ule na kiapo kile, timu ya taifa ilimwita kwa mara ya kwanza mwaka 1977 tu. Kombe la Dunia la mwaka 1974, lililochezwa nchini mwao na kutwaliwa na nchi yao, lilimpita. Mtazameni na Reinhard Libuda, winga ambaye bao lake liliipa Borussia Dortmund Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1966. Inasimuliwa kwamba bango la wahubiri liliandikwa kuwa hakuna awezaye kumpita Mungu, na mtu mmoja akaongeza chini yake: isipokuwa Libuda. Tunacheka, na ni halali kucheka. Lakini Libuda naye alikuwamo katika mgawo ule, na hakuna chenga iliyomwezesha kuupita.

Sasa nawauliza: je, Canellas alikuwa mwenye haki? Yeye ndiye aliyefichua. Lakini yeye pia alikuwa amezungumza bei, na fedha zilikuwa zimetoka mfukoni kwake. Alijitetea kwamba alikuwa akikusanya ushahidi. Shirikisho halikumkubalia, lilimfungia uongozi wa soka maisha, ingawa adhabu hiyo baadaye ililegezwa. Mimi naona kwamba mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Mkono unaoinua taa unaweza kuwa mchafu, na taa ikaangaza vilevile. Tusiikatae nuru kwa sababu ya mkono, wala tusiutakase mkono kwa sababu ya nuru. Tungemheshimu zaidi kama angeiwasha taa ile kabla timu yake haijashuka. Lakini laiti asingeiwasha kabisa, uozo ungeendelea.

Maisha ya mtu huyo yalikuwa na sura nyingine, nayo ilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 13 Oktoba 1977 ndege ya Ujerumani iliyoitwa Landshut ilitekwa nyara ikitoka kisiwa cha Mallorca. Ilizungushwa Roma, Larnaca, Bahrain, Dubai na Aden, ambako rubani wake, Jürgen Schumann, aliuawa, kisha ikatua Mogadishu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Oktoba makomando wa Ujerumani Magharibi waliivamia ndege na kuwaokoa abiria wote. Canellas na binti yake walikuwa miongoni mwao. Asiseme mtu kwamba ile ilikuwa adhabu ya mambo ya 1971. Bwana wetu alikwisha kutukanya tusihesabu hivyo, alipozungumzia mnara wa Siloamu ulioangukia watu. Nasema tu kwamba Mungu hamwachi mtu katika ukurasa mmoja wa maisha yake.

Na wasio na hatia je? Mfungaji bora wa msimu ule alikuwa Lothar Kobluhn wa Oberhausen, kiungo aliyepachika mabao 24. Kwa kuwa klabu yake ilikuwa chini ya tuhuma, hakukabidhiwa tuzo yake. Aliisubiri kwa zaidi ya miaka 30 na kuipokea akiwa mzee. Walioumia pia ni watazamaji, wachimba makaa na makarani waliotoa fedha ya jasho lao kuja kuutazama uongo. Wengi wao walibaki nyumbani. Mahudhurio ya msimu wa 1972–73 yalikuwa madogo kuliko ya msimu wowote uliotangulia wa Bundesliga.

Ndugu wapendwa, tuchukue nini? Kwanza, rushwa hupenda majina ya upole. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua hilo vizuri mno: chai, kitu kidogo, takrima, asante. Wachezaji wale nao hawakujiambia kwamba wanauza haki; walijiambia kwamba ni mchezo mmoja tu, usiobadili lolote kwa timu yao iliyokwisha salimika. Sura ya 23 ya Kitabu cha Kutoka inaifananisha rushwa na upofu, nayo ina sababu: anayeipokea hamwoni aliyedhulumiwa. Mchezaji wa Schalke hakumwona mchezaji wa Offenbach.

Pili, kiapo cha uongo kiligharimu zaidi kuliko fedha. Aliyekiri mapema aliadhibiwa mapema, akapumzika. Aliyekana alitembea na jiwe kiatuni kwa miaka. Ndiyo maana Mama Kanisa hatuambii tusubiri kunaswa na kanda ndipo tukapige magoti katika kiti cha kitubio.

Tatu, toba ya kweli hugusa na mazingira ya dhambi. Wajerumani hawakuishia kuwafungia wachezaji. Mwaka 1972 waliondoa vikomo vya mishahara vilivyowafundisha watu unafiki, na mwaka 1974 wakaanzisha daraja la pili la kulipwa ili kushuka kusiwe kaburi. Wengi wa waliofungiwa walisamehewa na kurudi uwanjani. Fischer akarudi, na katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 1982 dhidi ya Ufaransa akafunga bao la tikitaka ambalo Wajerumani hawajalisahau. Haki ilitendeka, na rehema haikunyimwa nafasi. Ndivyo inavyotupasa kutenda hata katika jumuiya zetu ndogondogo: mweka hazina aliyeteleza awajibike, arudishe alichochukua, na sisi nasi tuzitazame taratibu zetu zilizomwachia peke yake daftari na ufunguo wa sanduku, kisha, akitubu, apewe mahali pa kukaa kati yetu.

Juma hili, kila mmoja aichunguze dhamiri yake juu ya bahasha moja aliyotoa au kupokea, na juu ya neno moja aliloapia isivyo kweli. Mungu Baba, anayezisikia hata sauti ambazo hakuna kinasa kilichozinasa, atujalie kuusema ukweli tungali na nafasi ya kuusema kwa hiari.

Nawatakieni Dominika njema. Amani ya Bwana iwe nanyi.