Haki ya Mfanyakazi Aliyeumia: Habari za Tangu Zamani



Baada ya hesabu za fedha mlizokwisha kuzisoma, tumeona vema kuandika habari za jambo lililoziletea huzuni nyumba nyingi za Kathiani. Kijana mwenye nguvu huteremka kutoka vilima vya Iveti kwenda kutafuta kazi; kisha hurudi mgonjwa au amepungukiwa na kiungo, wala hajui kwamba haki yake ameiacha huko nyuma.

Hapo kale, Mkamba aliyeshikwa na maradhi aliutegemea utui wake. Majirani walikusanyika kwa mwethya, wakamlimia shamba. Hakuulizwa cheti wala muhuri, maana kila mtu alimwona kwa macho. Lakini kazi ya mshahara ilipoingia, watu waliumia mbali, mahali pasipo jirani wa kuwashuhudia.

Funzo kubwa lilitokea katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 Bwana John Ainsworth, aliyepata kutawala Machakos miaka ya 1890, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na Wakamba wengi walichukuliwa. Ndio hao walioitwa Kariakoo. Kwa hesabu ya Serikali yenyewe, zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, na waliouawa na maradhi walizidi waliouawa na risasi. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa majina na makwao hayakuandikwa sawasawa. Fedha ilikuwapo, mwenyewe hakujulikana.

Baada ya vita kikaja kipande, ambacho wanaume walikivaa shingoni. Kiliandikwa jina la mtu, alama za vidole vyake na kazi yake. Lakini kilikusudiwa kumkamata mtoro, si kumtunza aliyeumia. Daftari lilikuwa mkononi mwa bwana.

Katika miaka ya 1940 ilitungwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Mwaka 1965, baada ya Uhuru, ukaundwa mfuko wa NSSF, ambao humlipa akiba yake mwanachama asiyeweza tena kufanya kazi kwa udhaifu wa mwili au akili. Sheria ile ya fidia ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2007, ambayo hutazama ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi humwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri hupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Madai yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Aliyeumia hata asiweze kufanya kazi tena maishani, fidia yake huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96.

Tazameni basi tofauti ya nyakati. Wapagazi hawakuwa na sheria ya kuwatetea. Sisi tunayo, lakini miezi 12 huisha upesi kwa mtu anayelala kitandani akiona haya kudai, au akiogopa kumwudhi mwajiri. Kudai haki si kuombaomba.

Kwa hiyo tunawasihi wazee: kijana akirudi na jeraha, msimpe pole tu. Mwulizeni siku aliyoumia, jina la mwajiri, nani aliyeona, na karatasi za hospitali ziko wapi. Yaandikeni hayo siku hiyohiyo, na mmoja wetu afuatane naye mpaka ofisini. Huo nao ni mwethya, ila jembe lake ni kalamu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya wapagazi ilipotea hivyo. Ya watoto wetu isipotee.