Chungu Kilichopasuka na Historia ya Ua

Msafiri aendaye Kigoma kwa gari moshi hupita Kaliua, kisha Usinge, kabla ya kufika Nguruka na mto Malagarasi. Katika nyua za upande huo, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, huonekana vyombo vilivyomaliza kazi yake ya kwanza na kuanza ya pili. Chungu kilichopasuka kimeotesha mrihani. Debe lililotoboka lina vitunguu. Kinu kilichooza kitako kimejazwa udongo na kupandwa mshubiri. Wengi huvipita bila kuvitazama. Sisi twaona kwamba mwalimu wa historia angeweza kufundisha vipindi kadhaa akiwa amesimama mbele yake.

Tuanze na chungu. Kabla ya bidhaa za kigeni kuenea, Wanyamwezi walitegemea zaidi udongo, mti, kibuyu na gome: vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, na vilindo vya magome vya kuwekea nafaka. Chungu kikipata ufa hakifai tena kupikia, lakini ule ufa uliokiharibu ndio unaokifaa kwa mmea, kwani maji yaliyozidi hutoka na mizizi haiozi. Zaidi ya hayo, udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kioo hupitisha unyevu; unyevu huo hukauka kwa nje na kukipoza kilicho ndani. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi. Katika nchi ya Tabora, ambako mvua huadimika tangu Mei hadi Oktoba, bustani ndogo ya mlangoni huweza kuishi kwa maji yaliyooshea vyombo, ingawa chungu kibovu hukauka upesi kuliko bati.

Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta Waarabu wana bustani za mboga. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 60 au 70, nao ulichukuliwa begani kwa miezi. Kitu kilichofika kwa taabu namna hiyo hakikutupwa ovyo.

Reli ilibadili mambo. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyokuwa ya mabega ikawa ya mabehewa, na pamoja nayo likazidi kuenea debe, ambalo hata jina lake lina asili ya Bara Hindi. Debe lililetwa kwa ajili ya mafuta, galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha lilichota maji, likapima mahindi sokoni, na lilipochakaa likapasuliwa kuezekea au likatobolewa chini na kupandwa mboga. Pengine hakuna chombo cha kigeni kilichofanywa mwenyeji upesi kuliko hilo. Kasoro yake ni joto: likiachwa juani huunguza mizizi, hivyo yafaa liwekwe kivulini.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Huku ni nchi ya tumbaku, na tumbaku huja na dawa za kuua wadudu. Kopo au dumu lililokuwa na dawa hizo lisipandwe mchicha hata likioshwa mara kumi.

Wako wanaosema vyombo vyote vya kale vikusanywe makumbusho. Nyumba ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872 imehifadhiwa, nasi twafurahi. Lakini chungu cha mama mfinyanzi asiyeandikwa popote hakina mhifadhi ila mwenye ua, na mrihani uliomo ndio uliokinusuru kisivunjwe vipande. Tunachoomba ni kwamba kabla hakijajazwa udongo, mwanafunzi akipime kimo na mdomo, achore nakshi zake, amwulize bibi ni nani aliyekifinyanga, na udongo ulichimbwa bonde gani. Kwa kinu afanye haraka zaidi. Udongo wenye maji hula mti, na masika machache yakipita, alama za tezo ya aliyekichonga huwa zimekwisha kufutika.