Kutoka Kyaka Hadi Kampala: Vita Vimoja, Sababu Mbili

Ukitoka Bukoba kwenda Mutukula, unavuka Mto Kagera pale Kyaka, penye magofu ya kanisa lililobomolewa vitani. Mto huo si mpaka. Mpaka ni mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, digrii 1 kusini mwa ikweta, kaskazini zaidi ya hapo. Eneo la katikati, takribani kilomita za mraba 1,800, ndilo alilovamia Idi Amin, mtawala wa Uganda, Oktoba 1978.

Amin naye alikuwa na maelezo. Alidai Watanzania ndio waliomchokoza, kisha akatangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Hoja hizo hazipatani: anayejihami hana haja ya kujimegea nchi ya mwenzake.

Novemba 2, Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanzania, alilihutubia taifa. Alipanga mambo matatu: uwezo wa kumpiga Amin, sababu na nia, akasema yote tunayo. Hata asiyejua kusoma aliweza kuyarudia sokoni. Wala sababu haikuhitaji kupambwa: watu wa Missenyi, katika eneo lililovamiwa, walikuwa wakikimbia makwao, na ng'ombe wao wakiswagwa kwenda Uganda.

Utata ulianza Januari 1979, jeshi la Tanzania (JWTZ) lilipovuka mpaka na kuichukua Mutukula ya Uganda. Ardhi ilikwisharudi, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Nyerere alijibu kuwa vita ni viwili: Watanzania wanamwadhibu mvamizi, Waganda wanamng'oa dikteta wao. Mkutano wa Moshi, mwezi Machi, uliipa hoja hiyo sura kwa kuunda UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Amin, chini ya Yusuf Lule. Hata hivyo, Kampala ilipoanguka Aprili 11, waliobeba mzigo mkubwa walikuwa askari wa Tanzania. Julai, kwenye mkutano wa OAU mjini Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimshutumu Nyerere waziwazi.

Kuondoka kwa Amin kulikuwa heri kwa Waganda wengi. Sina ubishi na hilo. Lakini wananchi waliitikia wito wa kumfukuza mvamizi, kisha, vita vilipokwisha, wakaombwa wafunge mkanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikapita bila neema kurudi. Sababu ya kwanza tunaikariri hadi leo, ya pili tumewaachia wanahistoria. Na ridhaa iliyotolewa kwa ile ya kwanza ndiyo iliyogharimia ya pili.