Kutoka Busanza hadi Entebbe: Njia ya Ndege Ghali

Mkazi wa Busanza, katika sekta ya Kanombe, hahitaji ratiba ili ajue kwamba ndege inatua. Uwanja wa Kigali uko jirani, na familia zilizohamishiwa kwenye maghorofa ya hapa kutoka Kangondo na Kibiraro zimekwisha kuuzoea mngurumo. Zinazopita ni ndege za abiria, za mizigo, na helikopta za jeshi. Ndege za kivita zenye kasi kuliko sauti hazimo, kwa kuwa Rwanda haijanunua. Anayetaka kufuata nyayo za ndege hizo katika Maziwa Makuu basi anaanzia kwa jirani asiyekuwa nazo.

Kituo cha kwanza ni hapo hapo Kanombe, kwenye nyumba iliyokuwa ikulu ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na sasa ni makumbusho. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Falcon 50 iliyomrudisha kutoka Dar es Salaam, akiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa ikijiandaa kutua. Wote 12 walikufa, na mabaki yakaangukia eneo la ikulu yenyewe. Usiku uleule walioyaandaa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wakaanza kuyatekeleza. Falcon haikuwa ndege ya kivita. Naitaja kwa sababu ya silaha iliyotumika: kombora la kubebwa begani, ambalo bei yake haifiki sehemu ya mia ya bei ya ndege ya kivita.

Agosti 1998 Rwanda ilivuka Kongo nzima bila ndege hata moja ya kivita. Wanajeshi chini ya James Kabarebe walichukua ndege za abiria pale Goma, wakaruka hadi Kitona, karibu na bahari ya Atlantiki. Haki itendeke: waliposonga kuelekea Kinshasa, ndege za Hawk za Zimbabwe zilisaidia sana kuwazuia. Kwa hiyo sisemi kwamba ndege hizi hazina kazi. Lakini Hawk ni ndege ya mafunzo iliyofungwa silaha, si fahari ya maonyesho.

Ukishuka hadi Rubavu utakuta kisa cha karibuni zaidi. Tarehe 24 Januari 2023 Sukhoi-25 ya Kongo ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda, ikatua Goma ikiwaka moto. Kigali ilisema anga yake imevamiwa. Kinshasa ikasema ndege ilikuwa kwake.

Entebbe ndiko hesabu inakonoga. Julai 1976 makomandoo wa Israel, walipokuja kuwaokoa mateka, waliziteketeza ndege za kivita za MiG za Idi Amin, mtawala wa Uganda, zikiwa zimeegeshwa. Wala Muammar Gaddafi hakumfaa sana: Machi 1979 Tupolev-22 ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, ikaukosa mji, mabomu yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Amin alikimbia Kampala mwezi uliofuata.

Miaka 32 baadaye Uganda ilikuwa sokoni. Machi 2011 Bunge liliidhinisha dola milioni 740 kwa ndege sita za Sukhoi-30 na silaha nyingine, wakati fedha zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchotwa Benki Kuu. Mwezi uliofuata watu wa Kampala walikuwa barabarani wakiandamana kwa miguu kulalamikia bei ya mafuta na chakula. Serikali ilisema nchi yenye mafuta ardhini lazima ilinde anga yake. Sawa. Lakini adui anayeiumiza Uganda ni waasi wa ADF, na hao hawana ndege. Mashambulizi ya Uganda ya ndege na mizinga dhidi yao yalianza Novemba 2021 ndani ya Kongo. Juni 2023 wakavuka mpaka hadi shule ya Mpondwe, wakachoma bweni na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Panga halionekani kwenye rada.

Wenye fedha nao wanahangaika. Ubelgiji, mtawala wa zamani wa Rwanda, ilichagua F-35 za Marekani mwaka 2018, ndege 34. Bei ya kuinunua moja, takriban dola milioni 80, ndiyo sehemu nyepesi ya mzigo. Makadirio ya serikali ya Marekani ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba kuzitunza F-35 za nchi hiyo peke yake, kwa maisha yake yote, kutagharimu dola trilioni 1.58, kutoka trilioni 1.1 mwaka 2018. Machi 2023 ni asilimia 55 tu ndizo zilizokuwa tayari kwa kazi. Tatizo ni vipuri, mafundi na karakana. Ikiwa Marekani inakwama hapo, nani atatutengenezea injini sisi, na kwa ruhusa ya nani?

Wabunge wa Kigali, Kampala, Nairobi na Dodoma, siku mtakapoletewa muswada wa namna hii, msiulize bei ya ndege. Ulizeni gharama ya saa moja ya kuruka na ya miaka 30 ya matengenezo, na mdai jibu kabla fedha hazijatoka Benki Kuu.