Kutoka Padova hadi Nairobi: Madai ya Ujira wa Kazi za Nyumbani

Mwaka 1972, katika mji wa Padova nchini Italia, wanawake wachache waliunda umoja wa kimataifa na kudai serikali ilipe ujira kwa kazi za nyumbani. Miongoni mwao walikuwa Mariarosa Dalla Costa, Silvia Federici, Brigitte Galtier na Selma James, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi viwandani. Walisema kila anayefika langoni mwa kiwanda asubuhi amekwisha kupikiwa na kufuliwa, na tangu utotoni amelelewa na mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara. Tajiri hulipa mmoja, akafaidi jasho la wawili.

Hata wanawake wenzao waliwapinga, wakihofu kwamba mshahara ungemfunga mke jikoni maisha yake yote. Federici aliwajibu mwaka 1975 kwa kijitabu kilichosisitiza kwamba kudai ujira ndiyo hatua ya kwanza ya kuikataa kazi hiyo. Naliona jibu lake kuwa zito hadi leo: nani amewahi kugomea jambo linalohesabiwa kuwa tabia yake ya kuzaliwa? Huko New York, Margaret Prescod, mzaliwa wa Barbados, na Wilmette Brown wakaanzisha kundi la wanawake weusi. Kwao, ruzuku ya serikali kwa akina mama maskini ilikuwa malipo ya malezi, si sadaka.

Huku kwetu hoja hiyo ilipitia mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mchango wa kila mmoja uangaliwe mali ya ndoa inapogawanywa. Je, mke asiyetoa hata senti kwenye ujenzi wa nyumba amechangia? Mahakama za chini zilikataa. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema ndiyo: kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupewa sehemu ya nyumba, kwa sababu zilizohusu fedha alizokwisha kupokea kwa mumewe. Kanuni ilishinda, mdai akatoka mikono mitupu.

Miaka miwili baadaye, Julai 1985, dunia ilikutana Nairobi katika mkutano wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Margaret Kenyatta. Wanakampeni wa ujira walikuwepo, wakashawishi. Aya ya 120 ya maazimio ikazitaka nchi zipime kazi za wanawake zisizolipwa na kuziingiza katika hesabu za taifa. Trinidad na Tobago ilitunga sheria ya kuzihesabu mwaka 1996, kwa msukumo wa Clotil Walcott, kiongozi wa wafanyakazi wa majumbani. Kenya, mwenyeji wa mkutano, ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2021. Ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi hizo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013 nayo inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango. Lakini sheria hiyo, kama ile ya Tanzania, humfaa mke ndoa inapovunjika. Anayemuuguza mkwe wake leo hana ujira wala pensheni. Takwimu tunazo sasa. Wabunge wetu waanze na pensheni yake.